Namna Maeneo ya Mwendo Yanavyosemezana Ubongoni

Mtu anayechagua mchele huokota kijiwe kwa ncha za kidole gumba na kidole cha shahada, na yule anayetwanga hukumbatia mchi kwa kiganja kizima. Mkono ni uleule, na misuli kwa sehemu kubwa ni ileile, lakini amri zinazoifikia misuli hiyo hupangwa kwa namna mbili zilizo tofauti kabisa. Eneo la ubongo linalotuma amri hizo kwenye uti wa mgongo, ambalo katika sura hii litaitwa eneo kuu la mwendo, halifanyi kazi hiyo peke yake. Mbele yake yamo maeneo mawili ya maandalizi ya mwendo, moja la juu na moja la chini; kwenye ukingo wa ndani, pale nusu mbili za ubongo zinapotazamana, limo eneo la nyongeza la mwendo; nyuma ya kichwa, juu ya kisogo, umo ubongo mdogo, yaani serebela; na katika nusu ya pili ya ubongo limo eneo kuu pacha, linaloongoza mkono mwingine. Yote haya hulipelekea eneo kuu ujumbe, mengine yakilihimiza na mengine yakilizuia. Kwa zaidi ya miaka mia moja wanasayansi walijiuliza jinsi ya kuupima ujumbe huo ndani ya kichwa cha mtu mwenye afya, aliye macho, bila kulifungua fuvu. Jibu lililopatikana limebadilisha hata dhana yenyewe ya njia ya mawasiliano, kwa kuwa imeonekana kwamba njia moja inaweza kuzuia na pia kuhimiza, kutegemea mkono unataka kufanya nini.

Ujuzi kwamba ubongo huongoza mwendo kwa umeme ulianzia katika majaribio yaliyohitaji kichwa kilicho wazi. Mwaka 1870 mjini Berlin, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig waligusa gamba la ubongo la mbwa, yaani tabaka la nje lenye seli nyingi za neva, kwa nyaya zenye umeme hafifu, wakaona miguu ya upande wa pili ikishtuka, na wakatambua kwamba sehemu mbalimbali za eneo hilo zina viungo vyake mahususi. Miaka minne baadaye, huko Cincinnati nchini Marekani, daktari Roberts Bartholow aliingiza sindano zenye umeme katika ubongo wa mwanamke ambaye fuvu lake lilikuwa limeliwa na donda la saratani. Viungo vya upande wa pili vilijikunja, kisha mgonjwa akapatwa na kifafa, na siku chache baadaye akafariki. Madaktari wenzake walimlaumu vikali, na lawama hizo zilikuwa za haki, kwa sababu jaribio lile halikuwa na faida yoyote kwa mgonjwa mwenyewe. Wilder Penfield wa Montreal alipata njia ya kiutu zaidi katika miaka ya 1930: wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakipasuliwa kwa ganzi ya ngozi tu walibaki macho, naye aliligusa gamba la ubongo wao kwa umeme ili ajue sehemu zisizopaswa kukatwa. Kutokana na kazi hiyo yeye na Edwin Boldrey walichapisha mwaka 1937 ramani ya mwili juu ya gamba la ubongo, ambamo mkono na midomo vimepewa nafasi kubwa kuliko inavyostahili ukubwa wake mwilini. Hata hivyo ramani huonyesha mahali tu. Haionyeshi ujumbe unatoka wapi kwenda wapi, wala unafika lini.

Mwaka 1980 watafiti wawili wa London, Merton na Morton, walionyesha kwamba mshtuko mfupi wa umeme wa volti nyingi unaweza kupenya fuvu zima na kuufanya mkono ushtuke. Lakini mfupa hupitisha umeme kwa shida, na sehemu kubwa ya nguvu ile iliishia katika ngozi na misuli ya kichwa, ikimuumiza mtu kiasi kwamba haikuwezekana kurudia jaribio mara mamia, kama vipimo makini vinavyodai. Suluhisho lilitoka Sheffield, ambako mwaka 1985 Anthony Barker, Reza Jalinous na Ian Freeston walitangaza kwamba wameuchochea ubongo kwa sumaku. Msingi wa chombo chao ulijulikana tangu 1831, Michael Faraday alipogundua kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme katika kitu kilicho karibu nayo. Kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi umeme, huuachilia mara moja katika koili ya waya wa shaba iliyoshikwa juu ya kichwa. Mkondo wa maelfu ya ampea hupita kwa muda usiofika milisekunde moja, milisekunde ikiwa ni sehemu ya elfu ya sekunde, na nguvu ya sumaku hupanda hadi kufikia tesla 1.5 au 2, kiwango kinacholingana na cha mashine nyingi za hospitali zinazopiga picha za mwili kwa sumaku, kisha hutoweka. Mfupa hauizuii sumaku. Kinachofika ndani ya gamba la ubongo ni umeme mdogo uliozaliwa humohumo, ambao hauamshi vipokezi vya maumivu njiani kwa ukali ule wa zamani. Udhaifu wake ni kwamba nguvu hupungua upesi kadiri kina kinavyoongezeka, hivyo koili ya kawaida huyafikia maeneo yaliyo sentimita mbili au tatu chini ya ngozi, na maeneo ya kina zaidi hubaki nje ya uwezo wake.

Inafaa kukitazama kipimo chenyewe kwa ukaribu, kwa kuwa kila hoja inayofuata inakitegemea. Mtu huketi kwenye kiti akiwa ameziba masikio, maana koili hulia kwa mlio mkavu kila inapopiga. Juu ya msuli mdogo ulio kati ya kidole gumba na kidole cha shahada hubandikwa elektrodi mbili, yaani vipande vya chuma vinavyonasa umeme wa msuli, na koili yenye umbo la tarakimu nane, ambayo makutano ya duara zake mbili ndiyo yenye nguvu kubwa, husogezwa taratibu juu ya upande wa pili wa kichwa mpaka mahali panapokishtua kidole kwa urahisi kuliko pengine popote. Baada ya kila pigo, mstari kwenye skrini hubaki tuli kwa milisekunde 20 na kidogo, muda ambao amri huutumia kushuka kutoka kwenye gamba la ubongo kupitia uti wa mgongo na neva za mkono, kisha wimbi hupanda na kushuka mara moja. Ukubwa wa wimbi hilo ndio kipimo. Seli za eneo kuu zikiwa karibu kuwaka zenyewe, pigo lilelile huzaa wimbi kubwa. Zikiwa zimezuiwa, huzaa wimbi dogo, na kwa njia hiyo hali ya eneo kuu katika nukta moja ya wakati inaweza kusomwa kwenye kidole.

Kutoka hapo hadi kupima mawasiliano ilikuwa hatua moja, nayo ilitaka koili ya pili. Mwaka 1992 Andreas Ferbert na wenzake, wakiwemo John Rothwell na David Marsden, walichapisha kazi iliyofanyika London ambamo koili moja iliwekwa juu ya eneo kuu la mwendo la upande mmoja na ya pili juu ya lile la upande mwingine. Pigo la kwanza lilitangulia, la pili likafuata, na pengo kati yake likabadilishwa kwa milisekunde chache kila mara. Pengo lilipokuwa fupi mno, pigo la pili lilizaa wimbi lake la kawaida. Pengo lilipofika milisekunde 6 au 7 hivi na kuendelea hadi takriban 30, wimbi lilisinyaa. Maana yake ni kwamba kitu fulani kilichoamshwa na pigo la kwanza kilikuwa kimevuka hadi upande wa pili na kuzishusha seli za huko, na muda wa kuvuka ulikuwa umepimwa. Njia iliyoshukiwa ni korpasi kalosamu, tita nene la nyuzi za neva zipatazo milioni 200 linaloziunganisha nusu mbili za ubongo. Ushahidi kwa wagonjwa uliunga mkono dhana hiyo: Bernd-Ulrich Meyer na wenzake walieleza mwaka 1995 kwamba kwa watu ambao sehemu ya mbele ya tita hilo haikuumbika au iliharibika, uzuiaji huo hupotea au huchelewa.

Mbinu hiyo ya mapigo mawili ilienea upesi. Yoshikazu Ugawa na wenzake nchini Japani walionyesha mwaka 1995 kwamba pigo juu ya serebela, likitangulia kwa milisekunde 5 hadi 7, hulipunguzia eneo kuu wepesi wake wa kuwaka. Wengine waliligeukia eneo la juu la maandalizi, wengine eneo la nyongeza, na orodha ya njia zilizopimwa ikarefuka. Lakini karibu matokeo yote ya miaka ile ya mwanzo yalipatikana kwa watu walioketi bila kufanya lolote, mikono ikiwa mapajani, na msomaji ana haki ya kuuliza kama mawasiliano ya maeneo ya mwendo yanaweza kufahamika kwa mtu asiyekwenda popote wala kushika chochote.

Mwaka 2008 Marco Davare, Roger Lemon na Etienne Olivier walilijibu swali hilo kwa namna iliyo wazi kuliko zote. Waliichunguza njia inayotoka eneo la chini la maandalizi kwenda eneo kuu, ambayo kwa nyani ilijulikana kuhusika na kuuandaa mkono kulingana na umbo la kitu kinachoshikwa. Mkono ulipotulia, pigo juu ya eneo la maandalizi lililotangulia kwa milisekunde chache lililizuia eneo kuu. Mtu alipokumbatia kitu kwa kiganja kizima, uzuiaji huo ulitoweka. Alipokishika kwa ncha za vidole, ule ushikaji wa kuokota kijiwe, athari iligeuka: pigo lilelile, mahali palepale, kwa pengo lilelile la milisekunde, sasa lilihimiza badala ya kuzuia. Haiwezekani kuyaeleza matokeo haya kwa kusema kwamba msuli ulikuwa ukifanya kazi zaidi, kwa kuwa msuli hufanya kazi katika namna zote mbili za kushika. Kilichobadilika ni maana ya ujumbe. Nyuzi zinazounganisha maeneo hayo haziwezi kubadilika ndani ya sekunde moja; kinachobadilika ni seli ndogo za kati katika eneo linalopokea, ambazo baadhi huzuia na baadhi huhimiza, na ambazo huwekwa tayari kwa namna tofauti kulingana na tendo linalokusudiwa. Katika machapisho yote ya mbinu hii ni vigumu kupata jaribio lenye uzito zaidi, kwa sababu linaondoa uhalali wa kuziita njia za ubongo kwa majina ya kudumu, ya kuzuia au ya kuhimiza, kama kwamba kazi yake imeandikwa katika umbo lake.

Njia ya korpasi kalosamu nayo ilionekana kuwa na tabia hiyohiyo. Nagako Murase, Leonardo Cohen na wenzao huko Marekani waliwaonyesha watu ishara ya kuanza mwendo, kisha wakapima uzuiaji kati ya nusu mbili katika sehemu ya sekunde inayotangulia kidole kusogea. Kwa watu wenye afya uzuiaji ulipungua kadiri mwendo ulivyokaribia, hata ukageuka kuwa uhimizaji kabla msuli haujaanza kazi. Kwa watu waliopata kiharusi zamani, na ambao mkono wao mmoja ulikuwa dhaifu, uzuiaji kutoka nusu nzima kwenda nusu iliyojeruhiwa haukuachia. Uliendelea mpaka mwendo ulipoanza. Kazi hiyo ya 2004 iliipa nguvu nadharia kwamba nusu mbili za ubongo hushindana, na kwamba baada ya kiharusi nusu nzima huikandamiza ile iliyoumia, hivyo mgonjwa anaumizwa mara mbili, kwanza na mshipa ulioziba au kupasuka, kisha na upande wa ubongo wake mwenyewe uliobaki mzima.

Suala hili si la maabara tu, wala si la nchi tajiri pekee. Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam, ulikuta kwamba kiharusi kipya jijini humo, baada ya kurekebisha tofauti za umri, kilifikia takriban watu 316 kwa kila 100,000 kwa mwaka, kiwango kilicho miongoni mwa vikubwa vilivyowahi kupimwa duniani. Mkono uliopooza huwanyima watu wengi kazi yao, iwe ya jembe, cherehani au usukani, na kila nadharia inayoahidi kuurudisha inastahili kupimwa kwa dhati na bila pupa.

Nadharia ya ushindani ilikuwa na mvuto mkubwa kwa matabibu kwa sababu ilijitafsiri yenyewe kuwa tiba. Ilikwisha kujulikana tangu 1997, kwa kazi ya Robert Chen na wenzake, kwamba mapigo ya sumaku yanayorudiwa polepole, karibu moja kila sekunde, kwa muda wa dakika 15, hulituliza eneo lililo chini ya koili kwa muda baada ya mapigo kukoma. Basi kama nusu nzima inakandamiza, itulizwe, na nusu iliyoumia itapata nafasi. Majaribio madogo mengi yalileta matumaini. Kisha likaja jaribio kubwa la Marekani, lililochapishwa mwaka 2018, ambamo wagonjwa 199 waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya mapigo halisi na ya kuigiza, wote wakipewa mazoezi ya mkono. Baada ya miezi sita, asilimia 67 ya waliopata mapigo halisi walikuwa wameimarika kwa kiwango kilichowekwa, na kwa waliopata ya kuigiza walikuwa asilimia 65. Tofauti hiyo haina maana yoyote ya kitabibu. Mwaka uliofuata Jing Xu na wenzake walitoa maelezo yanayoweza kuwa sehemu ya sababu: walipowafuatilia wagonjwa tangu majuma ya kwanza baada ya kiharusi hadi mwaka mzima, walikuta kwamba mwanzoni, wakati mkono ni dhaifu kuliko wakati wowote, uzuiaji kabla ya mwendo ulikuwa wa kawaida, na kasoro ile iliyoelezwa mwaka 2004 ilijitokeza baadaye. Kitu kinachokuja baada ya udhaifu hakiwezi kuwa chanzo chake. Huenda kasoro hiyo ni matokeo ya miezi ya kuutegemea mkono mmoja.

Kosa la nadharia ile halikuwa katika vipimo, ambavyo vilikuwa sahihi, bali katika kuichukua njia inayobadilika kila sehemu ya sekunde na kuitibu kana kwamba ina nguvu moja ya kudumu inayoweza kupunguzwa. Zaidi ya hayo, wagonjwa hawafanani: kwa mtu ambaye jeraha limeharibu karibu nyuzi zote zinazoshuka kutoka nusu moja, nusu nzima inaweza kuwa ndiyo tegemeo la mwendo wowote uliobaki, na kuituliza ni kumwondolea msaada.

Wakati tiba ya kutuliza ikikwama, watafiti wengine walikuwa wakijaribu kuigusa njia yenyewe badala ya eneo moja. Mwaka 1949 Donald Hebb wa Kanada alipendekeza kwamba seli moja inaposhiriki mara kwa mara kuiwasha nyingine, muungano wao huimarika. Mwaka 2011 Ethan Buch, Matthew Rushworth na wenzao wa Oxford walilitumia wazo hilo kwa koili mbili: pigo juu ya eneo la chini la maandalizi, kisha, milisekunde 8 baadaye, muda unaotosha ujumbe kufika, pigo juu ya eneo kuu. Jozi hiyo ilirudiwa kila sekunde 10 kwa dakika 15, yaani jozi 90. Baada ya hapo ushawishi wa eneo la maandalizi juu ya eneo kuu ulikuwa umebadilika, na mabadiliko yalitofautiana kati ya mkono uliotulia na mkono unaoshika. Mpangilio ulipogeuzwa, eneo kuu likipigwa kwanza, athari ilikwenda kinyume, ingawa idadi ya mapigo na nguvu yake ni zilezile. Jambo hili la mwisho ndilo linaloshawishi zaidi, kwa kuwa linaonyesha kwamba kilichobadilishwa ni uhusiano kati ya maeneo mawili, wenye mwelekeo wake, wala si uchangamfu wa eneo mojawapo. Athari hizo ni za muda tu. Mwaka 2021 Alejandra Sel na wenzake walionyesha kwamba kuiimarisha au kuidhoofisha njia hiyo huongeza au hupunguza mawimbi ya umeme ya ubongo yanayoonekana mtu anapotekeleza au kuzuia tendo.

Mbali na sumaku ipo mbinu ya mkondo hafifu wa umeme wa miliampea moja au mbili. Mbinu hiyo, iliyorudishwa katika maabara na Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen mwaka 2000, ni nafuu na rahisi kubeba, lakini mkondo wake husambaa mno kuweza kutenga njia moja, hivyo katika swali la mawasiliano ina msaada mdogo.

Usalama wa mapigo ya sumaku unajulikana vizuri: hatari kubwa ni kifafa, nacho ni nadra sana pale miongozo inapofuatwa na pale watu wenye historia ya kifafa au chuma kichwani wanapochujwa mapema. Tatizo gumu zaidi ni kwamba watu hawaitikii sawa. Mwaka 2013 Masashi Hamada na wenzake wa London waliwapima watu zaidi ya 50 kwa mpangilio wa mapigo ya kasi uliokuwa ukisifiwa kwa kuongeza au kupunguza wepesi wa eneo kuu, wakakuta kwamba kwa wastani haukufanya lolote, kwa kuwa baadhi ya watu walipanda na wengine walishuka. Na karibu nusu ya tofauti hiyo ilielezwa na kundi gani la seli za kati ambalo pigo huliamsha kwa mtu husika.

Kwa sababu hiyo baadhi ya maabara zimeacha kupiga kwa saa iliyopangwa na kuanza kuufuata ubongo wenyewe. Christoph Zrenner, Ulf Ziemann na wenzao wa Tübingen walieleza mwaka 2018 mtambo unaosoma umeme wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa na kukisia, katika milisekunde zilezile, wimbi la eneo la mwendo liko katika hatua gani, kisha kuachilia mapigo wakati wimbi liko chini kabisa, hatua ambayo seli huwa tayari kuwaka. Mapigo yaliyotolewa katika hatua hiyo yaliongeza wepesi wa eneo kuu, na mapigo yaleyale yaliyotolewa bila kulifuata wimbi hayakuuongeza. Kazi iliyopo sasa ni kuufanya mtambo wa aina hiyo uyasome maeneo mawili kwa pamoja, ili pigo litolewe pale tu yote mawili yanapokuwa tayari, na kuujaribu kwa wagonjwa ambao mkono wao unapimwa ukiwa kazini.